Tone Chini ya Kabureta: Somo la Usalama kwa Waendesha Bodaboda wa Kasese na Bwera



Wilaya yetu ni ya milima na tambarare. Kutoka Kilembe hadi Katwe, na kutoka Hima hadi mpaka wa Mpondwe, mtu na mzigo wake husafiri zaidi kwa pikipiki. Mkulima wa kahawa wa Kyondo, mchuuzi anayewahi soko la Mpondwe, mama mjamzito anayekimbizwa Hospitali ya Bwera usiku wa manane, wote humtegemea mwendesha bodaboda. Kwa hiyo uzima wa pikipiki ni jambo la jamii nzima, si la mwenye pikipiki peke yake.

Katika mfululizo wa masomo yetu tumekwisha kuzungumzia kofia ngumu, taa na breki. Leo tunageukia jambo ambalo wengi hulidharau: petroli inayodondoka polepole chini ya kabureta. Somo hili limeandikwa ili lisomwe kwa sauti katika mikutano ya steji. Mwenyekiti wa steji anaweza kuligawa katika vipindi viwili, na mwishoni kuna maswali ya kujipima.

Kwa nini tone ni jambo la polisi

Huenda msomaji akauliza: polisi na kabureta wapi na wapi? Jibu ni kwamba ajali nyingi za moto hazianzi na moto. Huanza na uzembe mdogo uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Petroli kwa hali yake ya majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika joto la Kasese mjini au la ufuo wa Ziwa Katwe, hutoa mvuke huo kwa wingi zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupai juu ukapotea kama moshi wa jikoni. Hushuka, hutambaa sakafuni, huingia mabondeni na mitaroni, nao waweza kusafiri mita kadhaa hadi ulipo moto, kisha moto ukarudi kwa njia ileile hadi kwenye pikipiki.

Tuifanye hesabu. Tuseme tone moja hudondoka kila sekunde, na matone 30 hufanya mililita moja. Hizo ni mililita 2 kwa dakika, na mililita 120 kwa saa. Mwendesha bodaboda akilala saa nane bila kufunga koki, amepoteza karibu lita moja. Hasara ya fedha ni dhahiri, lakini iko kubwa kuliko hiyo. Lita moja ya petroli ikigeuka mvuke hutoa karibu lita 200 za mvuke, na hewa huwa ya kuwaka mvuke huo unapofikia asilimia 1.4 tu. Katika chumba cha mita tatu kwa mita tatu kisichopitisha hewa, petroli ya usiku mmoja yatosha kuifanya hewa iwe ya kuwaka kuanzia sakafuni hadi kimo cha mtu.

Watu wa ukanda wetu wanajua petroli iliyomwagika inaweza kufanya nini. Huko Sange, katika Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka mwezi Julai 2010, na moto ukaua watu zaidi ya 200. Huko Morogoro, Tanzania, mwezi Agosti 2019, watu takriban 100 walikufa katika ajali ya namna hiyo. Mwezi huohuo, jirani zetu wa Kyambura, wilaya ya Rubirizi, katika barabara hii inayotoka Mbarara kuja Kasese, walishuhudia lori la mafuta likigonga magari na kuteketeza watu. Kabureta haibebi petroli ya lori. Lakini mvuke ni uleule, na kinachohitajika kuuwasha ni cheche moja tu.

Kabureta hufanyaje kazi

Mtu hawezi kuziba asichokielewa. Pikipiki nyingi za vituo vyetu, zikiwamo Bajaj Boxer na TVS za kabureta, hazina pampu ya petroli. Petroli hushuka kwa uzito wake kutoka tangini, hupita kwenye koki, kisha kwenye mpira wa mafuta, halafu huingia katika bakuli lililo chini ya kabureta.

Ndani ya bakuli limo boya dogo, ambalo mafundi huliita floti. Petroli ikipanda, boya nalo hupanda, na kusukuma sindano fupi iingie katika tundu linaloitwa kiti cha sindano. Tundu likizibwa, petroli husimama. Injini ikitumia petroli, boya hushuka, sindano huachia, na petroli huingia tena. Ni kanuni ileile ya boya katika tangi la maji la nyumba ya wageni: maji yakijaa, boya hufunga bomba.

Bakuli pia lina skrubu ya kumwagia petroli ya zamani, na njia ya kutolea ziada ambayo huishia katika mpira mwembamba unaoning'inia chini ya injini. Petroli ikizidi kipimo, hutokea huko. Mpira huo uliwekwa na watengenezaji kwa makusudi ili kumwonya mwenye pikipiki. Anayeuziba kwa kijiti au kwa msumari amemnyamazisha mlinzi wake. Petroli hiyo haitakosa pa kwenda: itaingia ndani ya injini, ichanganyike na oili na kuifanya nyepesi, na injini italika kabla ya wakati wake.

Kuvuja kunatoka wapi

Jambo la kwanza ni kufunga koki. Subiri dakika chache. Tone likikoma, kasoro iko chini ya koki, yaani katika mpira au kabureta. Tone likiendelea muda mrefu baada ya koki kufungwa, basi koki yenyewe haizibi au tangi limetoboka, na hiyo ni kazi nyingine.

Pili, pangusa kabureta yote kwa kitambaa kikavu hadi isiwe na unyevu wowote. Fungua koki bila kuwasha injini, kisha angalia kwa dakika tano, mchana, kwa mwanga wa jua. Usitafute uvujaji kwa kiberiti wala kwa mshumaa. Tafuta mahali linapotokea tone la kwanza, kwa maana petroli hutiririka, na mahali inapodondokea si lazima pawe mahali inapotokea.

Mahali penyewe ni pane:

1. Mpira wa mafuta na klipu zake. Jua na mtetemo huufanya mpira ukakamae na kupasuka, hasa kwenye ncha.

2. Skrubu ya kumwagia. Huenda imelegea kwa mtetemo wa barabara za vumbi, au ringi yake ya mpira imechakaa.

3. Mshono kati ya bakuli na mwili wa kabureta. Hapa gasketi imekufa, au skrubu za bakuli hazikukazwa sawasawa.

4. Mpira wa ziada. Petroli ikitokea hapo, boya au sindano haifungi. Angalia lakini kwamba katika kabureta nyingi skrubu ya kumwagia na njia ya ziada hutokea katika mpira mmoja. Kwa hiyo kaza kwanza skrubu ya kumwagia kwa upole. Tone likiendelea, basi kasoro iko kwenye sindano au boya.

Kabla ya kulaumu kabureta, tazama pia pikipiki imesimamaje. Ikilazwa sana kwenye stendi ya pembeni juu ya mteremko, kama zilivyo steji nyingi za milimani, boya hukaa mshazari na petroli huweza kumwagika hata kama hakuna kilichoharibika. Isimamishe wima kwa stendi ya kati mahali tambarare, ndipo uangalie upya.

Matayarisho

Kazi ya petroli ina masharti yake, nayo hayana mjadala.

Ifanyike nje, mahali penye hewa, mbali na sigiri, mchoma mahindi, mchomeleaji vyuma na mvuta sigara. Injini ipoe kabisa, angalau nusu saa, kwa sababu bomba la moshi lenye joto liko karibu na kabureta. Ondoa ufunguo, na kama unaweza, tenganisha waya mmoja wa betri. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu au udongo. Simu ikae mbali, isije ikakushawishi kuishika kwa mkono wenye petroli. Watoto waondolewe.

Vifaa ni vichache: bisibisi ya nyota inayokaa vizuri kwenye skrubu, spana ndogo, koleo, kitambaa safi, mtungi safi wa kioo wenye mfuniko, na karai pana la kufanyia kazi ili kipande kikianguka kisipotee mchangani. Kama sehemu mpya zinahitajika, zinunuliwe kabla ya kufungua, na ziwe za aina ya pikipiki yako.

Jambo moja zaidi: usivute petroli kwa mdomo. Petroli ikiingia mapafuni huua. Aliyeimeza asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja.

Kazi yenyewe

Anza na lililo rahisi. Kuvuja kwingi humalizika kabla ya kabureta kufunguliwa.

Mpira ukiwa umepasuka kwenye ncha na bado ni mrefu wa kutosha, funga koki, uchomoe, kata sehemu mbovu na urudishe pamoja na klipu. Ukiwa umekakamaa wote, nunua mpya. Usitumie mpira wa maji au wa dripu ya hospitali, maana petroli huugeuza kuwa mgumu na kuupasua baada ya muda mfupi. Wala usifunge kwa waya au kwa ukanda wa tairi la ndani mahali pa klipu.

Skrubu ya kumwagia ikiwa imelegea, ikaze mpaka ishike, kisha uache. Bakuli limetengenezwa kwa madini laini. Ukitumia nguvu zote utaharibu nyuzi zake, na kilichokuwa kazi ya dakika moja kitakuwa bei ya kabureta nzima.

Petroli ikitokea kwenye mpira wa ziada, jaribu kwanza kusafisha bila kufungua. Funga koki. Weka mtungi wa kioo chini, legeza skrubu ya kumwagia, acha petroli yote itoke. Fungua koki kwa sekunde chache ili petroli mpya ikoshe bakuli, kisha ufunge koki na skrubu. Sasa tazama mtungi kwa makini, kwa maana utakueleza mengi. Vipovu vizito vinavyokaa chini ni maji. Unga mwekundu ni kutu ya tangi. Chembe za mchanga ni vumbi la njiani au petroli ya chupa. Punje moja ya mchanga ikikaa kati ya sindano na kiti chake, sindano haiwezi kuziba tena.

Baada ya kukosha, gonga bakuli kwa upole, mara mbili tatu, kwa mpini wa bisibisi. Sindano iliyonata mara nyingi huachia. Fungua koki usubiri. Tone likikoma, umepona kwa leo, lakini hujapona kabisa. Safisha au badilisha chujio, na uchunguze petroli unakoinunua.

Tone lisipokoma, bakuli lifunguliwe. Legeza vibano vya kabureta ili upate nafasi, halafu fungua skrubu za bakuli. Zipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa mahali zilipotoka. Pikipiki zinazobeba chumvi kutoka Katwe huwa na skrubu zilizoliwa na kutu. Hizo zisilazimishwe, kwani kichwa kikilika fundi atalazimika kuzitoboa.

Ukishalishusha bakuli, chomoa pini inayolishika boya kwa kuisukuma polepole kutoka upande mmoja. Vishikizo vyake huvunjika kwa urahisi. Boya litatoka na sindano yake. Kisha kagua vitu vinne:

Sindano. Itazame ncha yake mwangani. Ikiwa na alama ya pete iliyochimbika, imelika na haitaziba tena. Badilisha.

Kiti cha sindano. Kipanguse kwa kijiti laini kilichofungwa pamba yenye petroli safi. Usikikwaruze kwa waya wala kwa ncha ya bisibisi.

Boya. Litikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kikicheza ndani, limeingia petroli, limekuwa zito na haliwezi kuelea. Njia nyingine ni kulizamisha katika maji ya moto yaliyokwisha kuletwa kutoka jikoni: vipovu vitaonyesha tundu. Boya lililotoboka halizibwi kwa gundi. Hubadilishwa.

Gasketi ya bakuli. Ikiwa imebapa, imevimba au imekatika, weka mpya. Pangusa mfereji wake uwe safi kabla ya kuilaza.

Rudisha kila kitu kwa mpangilio wa kinyume. Boya lisogee juu na chini bila kukwama. Kaza skrubu za bakuli kidogo kidogo kwa kwenda pembe kwa pembe, ili gasketi ikae sawa.

Jaribio la mwisho. Laza karatasi kavu chini ya kabureta. Fungua koki, usiwashe injini, ngoja dakika kumi. Karatasi ikibaki kavu, vuta kijiti cha oili na unuse. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda juu ya kipimo chake cha kawaida, imechanganyika. Imwage uweke mpya kabla ya kuwasha. Hapo ndipo utakapowasha, uzunguke kwa muda mfupi bila abiria, kisha urudi kuangalia karatasi mara ya pili.

Petroli chafu uliyoitoa usiimwage mtaroni wala karibu na mto Nyamwamba au Lhubiriha. Watu huchota maji huko. Itie katika chombo cha chuma chenye mfuniko, umpelekee fundi mwenye pipa la mafuta machafu.

Wakati wa kumwachia fundi

Mwenye pikipiki anaweza kubadilisha mpira, kukaza skrubu na kukosha bakuli. Lakini ampelekee fundi mwenye ujuzi akiona bakuli limepasuka, nyuzi za skrubu zimelika, kimo cha boya kinahitaji kupimwa, tangi limeoza kwa kutu, au uvujaji umerudi baada ya siku mbili tatu. Kumlipa fundi si aibu, bali aibu ni kumbeba mama na mtoto juu ya kitu ambacho wewe mwenyewe una shaka nacho.

Tunawaomba mafundi nao wasizibe kwa sabuni, gundi ya kawaida au nailoni iliyoyeyushwa na kumwambia mteja kwamba kazi imekwisha. Kama ni dawa ya kumfikisha nyumbani tu, aambiwe hivyo waziwazi.

Petroli ya chupa

Chupa za plastiki zinazouzwa kando ya barabara ni msaada kwa mtu aliyeishiwa njiani. Lakini chupa iliyoshinda juani, yenye vumbi mdomoni, iliyojazwa kutoka jerikeni isiyojulikana, huleta maji na mchanga ndani ya bakuli. Mtu huokoa shilingi chache kwenye petroli, akazipoteza mara nyingi zaidi kwenye sindano. Muuzaji naye, akiwa na chupa hizo chini ya kitanda au kando ya sigiri ya chapati, amehifadhi hatari kwa ajili ya jirani zake wote. Jaza kwenye kituo cha mafuta, nawe zima injini wakati wa kujaza na umshushe abiria.

Pikipiki inapolala ndani ya nyumba

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Tunajua kwamba wengi huingiza pikipiki ndani usiku kwa kuogopa wezi, na hofu hiyo ina sababu. Hatuwezi kumwambia mtu aache nje chombo kinacholisha watoto wake. Lakini katika chumba hichohicho kuna familia iliyolala sakafuni, kuna sigiri ya makaa, na umeme ukikatika kuna kibatari, ile taa tunayoiita tadooba. Mvuke wa petroli hukaa chini, palepale lilipo godoro la watoto.

Kwa hiyo tunashauri mambo matano:

Koki ifungwe kila jioni kabla pikipiki haijavuka kizingiti, hata kama haivuji. Liwe tendo la mkono, kama kufunga mlango.

Pikipiki ipoe nje kwanza, kisha ikaguliwe chini kwa mkono na kwa pua. Inayovuja isiingizwe ndani usiku huo.

Sigiri na tadooba visiwe katika chumba kimoja na pikipiki. Tumia tochi au taa ya jua.

Pikipiki isizibe mlango. Moto ukianza, ndiyo njia pekee ya kutokea.

Ukiamka ukasikia harufu kali ya petroli, usiwashe kiberiti na usibonyeze swichi ya taa. Fungua mlango na madirisha, watoe watu nje, funga koki, kisha isukume pikipiki nje bila kuiwasha.

Njia iliyo bora kuliko zote ni wanachama wa steji kukubaliana kuchangia ua mmoja wenye mlinzi. Wanaotaka kuanzisha mpango huo waje wazungumze na afisa wa ulinzi shirikishi katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Moto ukitokea

Kwanza watu, kisha mali. Mshushe abiria, mwondoke, mpaze sauti watu wakae mbali. Kama koki inafikika bila kuingiza mkono katika moto, ifunge. Tumia mchanga, udongo au kizima moto cha unga. Usimwage maji juu ya petroli inayowaka. Petroli huelea juu ya maji na moto husambaa nayo.

Nguo zikishika moto, usikimbie. Lala chini, funika uso kwa mikono, ujiviringishe. Mahali palipoungua papozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai, chumvi wala utomvu wa mgomba. Funika kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe Bwera, Kagando, Kilembe au kituo cha afya kilicho karibu. Piga simu polisi kwa nambari 999 au 112, nazo ni bure.

Sheria na ushirikiano

Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inakataza kutumia barabarani chombo chenye ubovu unaohatarisha watu. Petroli inayodondoka karibu na bomba la moshi ni ubovu wa namna hiyo. Askari akikusimamisha kwa sababu hiyo, ana wajibu wa kukueleza kosa, nawe una haki ya kuuliza na kuelezwa. Ukiandikiwa faini, hulipwa benki kwa hati, si mkononi mwa askari. Anayekudai fedha mkononi mripoti kwa mkuu wa kituo.

Abiria naye ana sehemu yake. Ukisikia harufu ya petroli au ukiona mguu wa suruali umelowa, mwambie mwendeshaji kwa adabu, na uwe na haki ya kushuka. Mwendeshaji mwema atakushukuru.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mvuke wa petroli ni hatari zaidi sakafuni kuliko darini? Kwa sababu ni mzito kuliko hewa.

2. Tone limekoma baada ya kufunga koki. Kasoro iko wapi? Chini ya koki: kwenye mpira wa mafuta au kabureta.

3. Petroli inatoka kwenye mpira wa ziada. Utauziba mpira? Hapana. Utakaza skrubu ya kumwagia, utakosha bakuli, kisha utakagua sindano na boya.

4. Boya likitikiswa linasikika lina kitu ndani. Maana yake nini? Limetoboka na kuingia petroli. Libadilishwe.

5. Kabla pikipiki haijaingia ndani usiku, tendo la kwanza ni lipi? Kufunga koki.

Ndugu wanasteji, kufunga koki hakugharimu hata shilingi, na gasketi na sindano ni vitu vidogo dukani. Jioni ya leo, kabla ya kuingiza pikipiki, iname utazame chini ya kabureta. Ukikuta pakavu, lala salama na familia yako. Ukikuta tone, sasa unajua pa kuanzia.